Maji na Karatasi: Jinsi Watu Walivyofika Nanyuki

Wanangu, mtu mzima akikutana na mtoto hapa Nanyuki humuuliza, "Kwenu ni wapi?" Mtoto hujibu, "Hapa hapa Nanyuki." Mtu mzima hatosheki. "La, kwenu kabisa?" Hapo mtoto huanza kutaja Karatina, au Meru, au Dol Dol, au Maralal, au Lodwar, mahali ambapo pengine hajawahi kulala hata usiku mmoja. Swali hilo lina hadithi ndefu nyuma yake, na leo nitawasimulia. Si hadithi ya sungura na fisi. Ni hadithi ya kweli, na sehemu zake nyingine ni chungu, lakini nyinyi ni wakubwa wa kutosha kuisikia.

Shikeni mambo mawili tangu sasa, maana ndiyo yatakayotuongoza. La kwanza ni maji. La pili ni karatasi. Watu wa kale walifuata maji mpaka wakafika hapa. Waliokuja baadaye walifika kwa sababu ya karatasi, na kwa karatasi hiyo hiyo wengine wakafukuzwa.

Mlima unaogawa mvua

Tuanze na mlima, kwa kuwa ulikuwepo kabla ya mtu yeyote. Wakikuyu wanauita Kirinyaga, Wameru wanauita Kirimaara, Wamaasai wanauita Ol Doinyo Keri. Kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 5,199.

Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi na kuukabili mlima huu kutoka kusini-mashariki. Unapopanda hupoa, na ukipoa hunyesha. Ndiyo sababu Chuka, Chogoria na Embu hupata mvua tele na mashamba yao ni ya kijani mwaka mzima. Upepo huo ukivuka na kufika upande wetu wa kaskazini-magharibi, umekwisha kumwaga karibu kila kitu. Shukeni kutoka Nanyuki kuelekea Dol Dol mjionee: miti mirefu inapungua, inabaki migunga na nyasi, kisha nyasi zenyewe zinakuwa chache.

Hata hivyo mlima haukutunyima. Msitu wake hupokea mvua na ukungu, huyaweka maji ardhini kama tangi la nyumbani, kisha huyaachilia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Humo hutoka mito mnayoijua: Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii, Ontulili, Sirimon, Timau. Yote huteremka nyandani na kuingia Ewaso Ng'iro, mto unaokwenda mbali, ukipita Archer's Post katika nchi ya Wasamburu na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian.

Basi pigeni picha ya mahali hapa kabla ya mji: nyanda pana za nyasi, mvua haba, mito ya maji baridi. Mwenye jembe angepaona pagumu. Mwenye ng'ombe angeona amefika peponi.

Wenye mizinga na wenye ng'ombe

Kaskazini mwetu, katika msitu wa Mukogodo, waliishi Wayaaku. Walikuwa wawindaji, walilala mapangoni, na kazi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufuga nyuki. Asali ilikuwa chakula chao, kinywaji chao na heshima yao. Kijana wa Kiyaaku akitaka kuoa hakuulizwa ana ng'ombe wangapi. Mahari yake ilikuwa mizinga ya nyuki.

Nyandani waliishi Wamaasai wa Laikipia. Walikuwa wengi na wenye nguvu, na mifugo yao ilinywa katika mito hii hii. Lakini katika miaka ya 1870 walipigana vita vikali na Wamaasai wenzao, Wapurko na washirika wao, waliokuwa wakiongozwa kwa mashauri ya mganga na kiongozi mkuu aliyeitwa Mbatian. Wamaasai wa Laikipia wakashindwa. Waliosalia walitawanyika: wengine walipokewa na Wasamburu, wengine na Wapurko wenyewe, wengine wakaingia katika jamii za jirani. Jina lao likabaki kwenye nchi, na mpaka leo limo katika jina la kaunti yetu. Jina la aliyewashinda likapanda mlimani: mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipokifikia kilele kirefu zaidi, alikiita Batian.

Na Wakikuyu na Wameru je? Wao walikuwa wakulima, kwa hiyo walikaa upande wa mlima wenye mvua. Wazee wa Kikuyu husimulia kwamba Gikuyu na Mumbi waliwekwa na Ngai pale Mukurwe wa Nyagathanga, katika nchi ya Murang'a, na kutoka kwa binti zao zikatokea koo zote. Vizazi kwa vizazi walifyeka msitu mgongo baada ya mgongo wakielekea kaskazini, mpaka Nyeri na Mathira. Hapo walisimama, kwa maana mbele yao mvua ilipungua na nyanda za wafugaji zilianza.

Msidhani kwamba mkulima na mfugaji walijua kupigana tu. Morani waliibiana ng'ombe, ndiyo, lakini wanawake wa Kikuyu walibeba unga, vibuyu na tumbaku mpaka kwa Wamaasai, wakarudi na ngozi na mifugo. Hata wakati wanaume wao walikuwa vitani, wanawake hao waliachwa wapite kwa amani, kwa sababu kila upande ulikihitaji kile ambacho mwingine alikuwa nacho. Watu walioana pia. Zipo familia nyingi za Nyeri ambazo bibi yao wa kale alikuwa Mmaasai.

Karatasi ya 1904

Mwishoni mwa karne ya 19 mabaya yaliandamana. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, njaa ikafuata. Wamaasai walikuwa wamedhoofika sana Waingereza walipofika. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni ilitaka reli hiyo ilipe gharama zake, ikaamua kuwagawia Wazungu mashamba kandokando yake. Lakini kandokando ya reli, pale Naivasha na Nakuru, waliishi Wamaasai.

Ndipo ikaja karatasi ya kwanza. Tarehe 10 Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart aliandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, mwana wa Mbatian. Wamaasai walikubali kuondoka Bonde la Ufa. Sehemu moja ingekwenda kusini na nyingine ingekuja huku Laikipia. Mkataba ukaahidi kwamba nchi hizo mbili zingekuwa zao maadamu Wamaasai wapo duniani.

Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka 7. Wazungu walipoiona Laikipia, nyasi zake na mito yake, waliitaka. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine: Wamaasai waliokuwa Laikipia waondoke, waende kusini wakaungane na wenzao. Safari ya kwanza ilikwama katika baridi na mvua ya milima ya Mau. Watu na mifugo walikufa njiani, na walionusurika wakarudi. Baadaye wakalazimishwa tena, na kufikia mwaka 1913 Laikipia ilikuwa imekwisha kuhamwa. Takriban watu 10,000 walihamishwa pamoja na ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo wapatao milioni moja. Hebu fikirini vumbi lile. Fikirini pia mtoto wa umri wenu anayechunga ndama katikati yake, bila kujua maji yapo wapi huko mbele.

Nataka mjue kwamba hawakunyamaza. Kiongozi wao, Parsaloi Ole Gilisho, alipinga, na Wamaasai wakaajiri mawakili kuishtaki serikali. Kesi hiyo ya mwaka 1913 ni miongoni mwa za kwanza ambapo Waafrika wa nchi hii waliipeleka serikali ya kikoloni mahakamani kwa ajili ya ardhi. Mahakama ilisema kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo yenyewe haina mamlaka ya kuamua. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa huru siku ya kunyimwa haki, na kuwa raia wa kuamriwa siku ya kuhamishwa. Walishindwa kesi, lakini kumbukumbu haikufa. Agosti 2004, karatasi ya kwanza ilipotimiza miaka 100, Wamaasai wa Laikipia waliandamana kuidai nchi hiyo.

Turudi kwenye 1913. Wamaasai wachache waliobaki Laikipia walisongamana kaskazini, jirani na Wayaaku. Sasa sikieni jambo la ajabu. Wafugaji walipokuwa majirani wa karibu na kuanza kuoa mabinti wa Kiyaaku kwa ng'ombe, wazazi hawakutaka tena mizinga. Vijana wa Kiyaaku nao wakalazimika kutafuta mifugo ili wapate wake. Kufikia miaka ya 1930 jamii nzima ilikuwa imeacha mapango, imekuwa ya wafugaji na imeanza kusema Kimaa. Lugha yao wenyewe ilibaki kwa wazee wachache. Leo wapo wajukuu wanaojitahidi kuyakusanya maneno yake kabla hayajapotea.

Kura ya kwanza, na kipande

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walitaka kuwatuza wanajeshi wao kwa ardhi. Mwaka 1919 walipiga kura katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Majina yalichomolewa, na aliyebahatika alipata shamba. Mashamba zaidi ya 1,000 yaligawiwa kwa mpango huo, na Nanyuki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Watu waliokuwa wakiishi kwenye nchi hii hawakuwa na jina hata moja katika kura ile.

Lakini shamba halijilimi. Wazungu walihitaji mikono, nao Wakikuyu walihitaji malisho na mahali pa kulima, kwa kuwa maeneo waliyotengewa yalikuwa yanajaa. Familia nyingi za Nyeri zikavuka na mbuzi wao zikaingia mashambani. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, nao waruhusiwe kulima kipande kidogo cha ardhi na kufuga mifugo michache. Mwanamume alilazimika pia kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kasha la chuma alilovaa shingoni. Bila kipande hangeweza kwenda popote.

Watoto walizaliwa kwenye mashamba hayo. Walijifunza kutembea pale, walichota maji pale, walizika nyanya zao pale. Kwao hapo palikuwa nyumbani, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Mwisho wa reli

Mwaka 1930 reli ilifika Nanyuki, na hapa ndipo ilipokoma. Mahali reli inapokoma, mji huota. Ng'ombe, ngano na pareto vilishuka kutoka mashambani kwenda stesheni, na bidhaa za kila aina zikashushwa kutoka kwenye mabehewa. Wahindi walifungua maduka. Wasomali wa Isaaq, wengi wao wakiwa askari wa zamani na wafanyabiashara wa mifugo kutoka nchi ya Somalia iliyotawaliwa na Uingereza, walijenga nyumba na kuendesha biashara ya ng'ombe na mbuzi. Makarani, makanika, wapishi na mafundi cherehani wakaja kutoka kila upande. Mtu aliyetoka nchi kavu ya kaskazini akitafuta kazi, mji wa kwanza mkubwa kukutana nao ulikuwa huu.

Wengine waliletwa kwa nguvu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa hapa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano. Januari 1943 watatu wao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka si kwa ajili ya kukimbilia kwao, bali kuupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila asubuhi kupitia waya. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Ndivyo mlima huu unavyomvuta hata aliyekuja bila kupenda.

Kura ya pili

Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, watu walioshika silaha kudai ardhi na uhuru. Msitu wa Mlima Kenya ukawa ngome ya wapiganaji walioongozwa na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China. Maskwota waliotiliwa shaka walipakiwa kwenye malori na kurudishwa Nyeri na kwingineko, katika vijiji vyenye walinzi na handaki. Wengi walikuwa wamezaliwa huku. Walirudishwa "kwao", mahali ambapo hawakuwa na hata kibanda.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na watu hao hao wakauliza: je, sasa tutarudi? Ardhi haikutolewa bure. Ilibidi inunuliwe kutoka kwa Wazungu waliokuwa wakiuza. Kwa kuwa hakuna maskini aliyeweza kununua shamba la maelfu ya ekari peke yake, watu waliunda kampuni na vyama. Kila mmoja alinunua hisa. Akina mama waliuza mbuzi na kahawa, wakaweka shilingi juu ya shilingi kwa miaka. Shamba likishanunuliwa, mpimaji aliligawa vipande, kila kipande kikapewa namba, na namba zikatiwa ndani ya chombo. Siku ya kura wenye hisa walikusanyika, na kila mmoja akachomoa karatasi yake.

Angalieni, wanangu: kura ya 1919 na kura hii zilifanana kwa namna, zikatofautiana kwa watu. Safari hii aliyechomoa karatasi alikuwa nyanya mwenye mikono iliyolima shamba lile lile kwa miaka 20 kama skwota. Wengi walilia siku hiyo, na sababu mnaielewa.

Hata hivyo kura haina macho. Mwingine alipata namba ya shamba lililo karibu na mto, chini ya msitu, akapanda viazi na kabeji, watoto wakasoma. Mwingine alipata namba nyandani, mahali pasipo na mto, ambapo mahindi hunyauka kabla ya kuzaa. Wa namna hiyo wengine walivumilia, wengine waliacha ploti zao wakaja mjini, na wafugaji wakaendelea kulisha humo kwa kuwa hakuna aliyekuwepo. Aliyekosa hisa kabisa alitafuta chumba katika mtaa wa Majengo au wa Likii. Mji ukazidi kukua.

Maji tena

Tumefika siku zetu. Kwa nusu karne familia zilizochota kutoka kwenye mito hii zimeongezeka mno. Juu, karibu na msitu, kuna wakulima wadogo wenye mifereji na mabomba. Upande wa Timau kuna mashamba makubwa ya maua na mboga zinazouzwa Ulaya. Katikati kuna mji wenye shule, hoteli na kambi za jeshi. Chini kabisa, siku kadhaa za mwendo, kuna mfugaji wa Kisamburu anayengoja Ewaso Ng'iro. Mwezi wa Februari, kiangazi kikikaza, kila lita inayochukuliwa huku juu ni lita anayoikosa yeye. Iko miaka ambayo mto umekauka kabla ya kumfikia, na watu wakashikiana silaha.

Ndipo wakazi wenyewe walipoanza kuunda vyama vya watumiaji wa maji, kila mto na chama chake, na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavitambua. Katika chama mkulima wa juu na mfugaji wa chini hukaa mkutano mmoja. Huandika nani atachota siku gani, nani atafunga mfereji mto ukipungua, na nani atatozwa faini akivunja makubaliano. Husaidiana pia kupanda miti kandokando ya kingo. Ugomvi haujaisha wote, lakini hapa kuna jambo jipya: karatasi iliyoandikwa ili watu wakae pamoja penye maji, si kumwondoa mtu ili mwingine aingie.

Sasa mnaona mtu wa Nanyuki ni nani. Ni mjukuu wa mfuga nyuki, wa mchunga ng'ombe aliyehamishwa, wa skwota, wa Msomali wa duka la nyama, wa karani aliyeshuka kwenye behewa, wa mama mwenye hisa. Desemba 2020 treni ya abiria kutoka Nairobi ilianza kufika tena, na wengine wanaendelea kuja. Kila mmoja anaweza kusema "kwetu" na akawa hajadanganya. Lakini anayesema hivyo na asijue ni nani alihamishwa ili yeye apate nafasi, anasema nusu tu.

Kwa hiyo nawapa kazi. Nendeni kwa mzee wa nyumbani kwenu, mkae naye bila haraka, mmuulize mambo matatu. Familia yetu ilifika hapa mwaka gani, na kwa nini? Walimkuta nani, na huyo yuko wapi leo? Maji tunayokunywa yanatoka mto gani, na yakitupita yanakwenda kwa nani? Majibu yake yaandikeni katika daftari, pamoja na jina lake na tarehe. Karatasi nyingi katika hadithi hii ziliandikwa na wageni, kwa lugha ambayo wenyeji hawakuisoma. Hiyo yenu itakuwa imeandikwa na mtoto wa hapa, kwa lugha ambayo jirani yake yeyote anaielewa.